Mzazi ana nafasi yake kando ya mstari wa chokaa

Wiki tatu za likizo ya Agosti, nyumbani kwetu hakuna Jumamosi. Saa kumi na mbili na nusu za asubuhi mwanangu huwa ameshavaa soksi, njumu kazining'iniza shingoni kwa kamba zake, na amesimama mlangoni akinitazama mimi niliye bado na kikombe cha chai mkononi. Ni msimu wa mashindano. Timu nane za watoto wasiozidi miaka 13, za Shela, Maweni, Muyeye, Kisumu Ndogo na mitaa mingine ya Malindi, pamoja na wageni kutoka Mambrui na Gede, hugawanywa makundi mawili, na kila timu hucheza mechi tatu kabla ya nusu fainali. Kipindi kimoja ni dakika 20. Kusi inavuma, mchanga unaingia machoni, na mstari wa chokaa uliochorwa alfajiri huwa umeshafutika nusu ikifika mechi ya tatu.

Nazipenda siku hizi sana. Wenzangu hudhani ni kwa sababu mwanangu ana kipaji. Ni beki wa kulia, ana miaka 12, mbio zake ni za wastani na mguu wa kushoto bado hauamini. Sijapata kumwona akifunga bao katika mashindano, wala sijaketi pale kulingoja. Furaha yangu naijua inatoka wapi, na nataka kuieleza, kwa sababu naona mji wetu unapanga michezo ya watoto kana kwamba furaha hii haipo, au kana kwamba mzazi akiipata ni bahati yake mwenyewe. Mimi nashikilia kwamba furaha ya mzazi ni sehemu ya mashindano yenyewe. Ikikosekana, mchezo wa mtoto huangukia mikononi mwa watu wanaoutakia jambo jingine.

Nyumbani, kumtazama mwanangu ni kazi. Naangalia kama ameoga, kama amekwenda madrasa, kama hesabu zake zimesahihishwa. Jicho langu kwake ni jicho la kuuliza. Uwanjani nanyang'anywa maswali yote. Amri ni za kocha, filimbi ni ya refa, nami nimebaki na macho matupu, na hapo ndipo namwona. Naona kwamba akikosea pasi hupangusa pua kwa mkono wa jezi, vile vile afanyavyo babake akikosewa hesabu dukani. Naona mwenzake akianguka, wa kwanza kumpa mkono ni yeye. Naona ana kicheko ambacho nyumbani sikijui, kicheko kizito kidogo, cha mvulana anayeanza kuuacha utoto. Mtoto wa umri huu hukuonyesha mambo hayo pale tu anapokusahau, na mechi humfanya anisahau dakika 40 kamili.

Aliyenifanya nilifikirie jambo hili kwa kina ni dada yangu mkubwa. Anaishi Columbus, Ohio, na mwanawe ana umri mmoja na wangu. Yule hachezi kandanda, anacheza besiboli. Tangu Juni mpaka Agosti, shule za huko zikiwa zimefungwa kwa kiangazi, kila wiki kuna mashindano. Jumamosi timu yake hucheza mechi mbili za makundi, Jumapili unaanza mtoano: ukishindwa unafunga mizigo, ukishinda unangoja mwingine. Dada hunipigia video ya WhatsApp. Mechi ya saa mbili asubuhi kwake hunikuta mimi saa tisa alasiri. Fainali ya saa kumi na moja jioni hunikuta saa sita za usiku, watu wote wamelala, nami nimeketi sebuleni na sauti nimeipunguza mpaka karibu kuizima.

Besiboli haikunipa taabu kuielewa. Mimi na dada tulicheza raundas shule ya msingi, hapa hapa Malindi: vigingi vinne, mrushaji katikati, mpigaji na kijiti chake, na ukishaupiga mpira unakimbia kuvizunguka vigingi kabla hawajakutoa. Besiboli ni jamaa wa karibu wa mchezo huo, ila gongo ni refu, mikononi mna glavu na sheria ni nyingi. Dada alikuwa mpigaji hodari kuliko wote wa darasa lake. Mama yetu hakuwahi kumwona akipiga hata mara moja. Hakukatazwa na mtu. Haikumpitikia yeyote akilini, si mwalimu wala mama mwenyewe, kwamba mzazi anaweza kuziacha shughuli zake asubuhi moja akaja kutazama. Tulirudi na vumbi, tukaambiwa tukaoge. Sasa namwona mwanawe kwenye simu akiinua kiwiko cha kulia kabla ya kupiga, kama alivyokuwa akikiinua yeye, na najua katika ukoo wetu wote ni sisi wawili tu tunaoweza kulitambua hilo.

Kuna jambo katika besiboli ambalo kandanda haina. Katika kandanda mtoto wako anaweza kupotea ndani ya kundi dakika kumi nzima. Katika besiboli kila mtoto, kwa zamu yake, husimama peke yake na gongo, jina lake limeitwa, na uwanja mzima unamtazama yeye na mrushaji aliye mita 14 mbele yake. Hana pa kujificha, wala mama yake hana. Na mara nyingi atashindwa. Hata miongoni mwa watu wazima wanaolipwa mamilioni ya dola, mpigaji anayefanikiwa mara tatu katika kumi huhesabiwa hodari. Basi mzazi wa besiboli hulazimika mapema kujifunza kazi ambayo sisi wa kandanda twaweza kuikwepa miaka: kumtazama mtoto wake akishindwa mbele za watu, akirudi kwenye benchi, akingoja zamu yake, akisimama tena. Dada aliniambia mwaka wa kwanza alikuwa akifumba macho kila jina la mwanawe likiitwa, na kwamba alianza kuzifurahia Jumamosi zake siku ile alipoweza kuyaacha wazi.

Nami nilipata zamu yangu ya kuyaacha wazi. Agosti ya 2025 watoto wote wa mji walikuwa na homa ya CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, kwa sababu Kenya ilikuwa mwenyeji pamoja na Tanzania na Uganda. Harambee Stars, timu yetu ya taifa, walifika robo fainali, na Ijumaa ya tarehe 22 wakatolewa na Madagascar kwa penalti. Kesho yake asubuhi timu yetu ilikuwa ikitafuta nafasi ya tatu, na mechi ikaishia sare. Nilidhani baada ya yale waliyoyaona usiku, hakuna mtoto atakayetaka kupiga penalti. Watano walijitokeza kabla kocha hajauliza, na wa nne alikuwa mwanangu. Aliupaisha mpira juu ya mwamba. Nilikuwa nimeketi kwenye jamvi, na mkono wa mama wa kipa ulikuwa umenishika kwenye goti. Mwanangu hakunitazama. Alirudi mpaka mstari wa kati, akasimama mahali pake, akamwekea mkono begani yule aliyekuwa akienda kupiga wa tano. Nimemlea mtoto huyu miaka 12, na nikiulizwa ni mtu wa namna gani, nitaanza na hapo.

Nusu nyingine ya furaha imo katika kungoja. Mechi ya kwanza saa mbili, ya pili labda saa sita, na baina yake kuna saa tatu ambazo huwezi kwenda nyumbani ukarudi. Basi unakaa. Kwetu ni chini ya mwarobaini ulio nyuma ya goli la kaskazini. Kinamama tunatandika majamvi, kinababa wanasimama kando na mikono nyuma, watoto wanazunguka na mihogo ya kukaanga iliyopasuliwa na kutiwa pilipili na ndimu, au viazi vya karai na chatini ya ukwaju, au mabuyu mekundu yanayowaachia midomo kama ya maharusi. Kule Ohio, dada huniambia, ni viti vya kukunja, masanduku ya barafu na vibanda vya turubai, lakini kikao ni kile kile. Watu ambao mwaka mzima husalimiana kwa kupungiana mikono tu, siku hiyo huzungumza mpaka mazungumzo yakafika mahali.

Ni katika kungoja huko nilikojua kwamba mama wa kipa wetu hufanya usafi hotelini zamu ya usiku, na huja uwanjani moja kwa moja kutoka kazini bila kulala. Nilijua pia kwamba mshambuliaji wetu, mtoto wa mbio ambaye mtaa mzima humshangilia, alikuwa akicheza mechi ya kwanza bila kutia kitu tumboni. Hakuwa amemwambia kocha. Alimwambia mwanangu, mwanangu akaniambia mimi baina ya mechi mbili, akiwa ameketi karibu nami kwa kuwa hakukuwa na pengine pa kuketi. Jumamosi iliyofuata tulikuja na chupa mbili za chai na mahamri ya timu nzima. Sioni njia nyingine ambayo habari ile ingetufikia. Mwalimu anao watoto wengi, kocha anautazama mpira, na mtoto mwenye njaa hujua kuificha.

Sasa nije kwenye linaloniuma.

Hapa kwetu mashindano yaliyo makubwa zaidi kwa mtoto ni ya shule, na huko mzazi hana nafasi kabisa. Michezo ya shule za sekondari huanza ngazi ya kaunti ndogo, ikapanda kaunti, mkoa, taifa, na washindi wakaenda Afrika Mashariki. Ni ngazi nzuri, nami naiheshimu. Lakini mechi nyingi huchezwa katikati ya wiki, ratiba hukaa kwenye simu za walimu, na mzazi hujua kwamba mwanawe alikwenda kucheza Kilifi siku anapomwona na goti lililovimba. Tunaalikwa shuleni kwa karo, kwa matokeo ya mtihani, na kwa nidhamu mtoto anapokosa. Sikumbuki kualikwa kwa sababu mtoto wangu atakuwa akikimbia. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari ya juu, na moja ya njia tatu za kuchagua ni ya sanaa na sayansi ya michezo. Kama michezo imekuwa elimu kiasi hicho, basi siku ya mechi ni siku ya masomo kama siku ya kugawa zawadi, na mzazi apelekewe ratiba wiki moja kabla.

Kisha kuna vikombe vya waheshimiwa. Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027, na sisi wa pwani twajua kwamba kadiri mwaka huo unavyokaribia ndivyo viwanja vitakavyojaa mashindano yenye jina la mtu. Sikatai mipira, wala sikatai jezi, kwa maana timu nyingi za watoto huku hazina. Ninachokataa ni mtoto kufanywa pambo. Nimekaa kwenye fainali moja iliyopangwa saa nane mchana. Watoto walijipasha moto, wakapanga mstari, wakaambiwa wangoje mgeni wa heshima. Mgeni akaja saa kumi na nusu. Hotuba zikafuata. Mpira ulianza wakati miguu imeshapoa na ukakatizwa kwa kukaribia Maghribi, mshindi akaamuliwa kwa kutupa shilingi. Hema lilikuwa moja, lenye viti vya mgeni na wenzake; watoto walikuwa juani. Kinamama watatu ndio tuliozunguka na ndoo ya maji. Tungekuwa wazazi hamsini mahali pale, na tungekuwa tumehesabiwa kuwa watu, nina hakika mechi ile ingeanza saa nane.

Hivyo hivyo kwa vijeba. Kila anayefuatilia mpira wa watoto amewaona: kijana wa miaka 16 aliyeandikwa 13, ana ndevu zinazochipuka na anawapita watoto kama anapita mibuyu. Maovu haya si yetu peke yetu. Mwaka 2001, katika mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto yanayofanyika Williamsport, Pennsylvania, timu ya Bronx, New York, ilimaliza ya tatu ikiwa na mrushaji aliyewashangaza wote, kisha ikabainika kuwa alikuwa na miaka 14 katika mashindano ya miaka 12. Cheti kilikuwa kimebadilishwa na watu wazima, ushindi wote ukafutwa, na jina lililotangazwa duniani lilikuwa la mtoto. Majirani zetu Uganda waliyaonja machungu ya upande wa pili. Mwaka 2011 timu yao ilishinda tiketi ya kwenda Williamsport, ikanyimwa viza kwa sababu karatasi za umri hazikulingana, na watoto wakabaki nyumbani. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi wakaenda, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano yale yaliyoanza 1947, na wakaifunga timu ya Gresham, Oregon, 3–2. Linalonigusa zaidi ni lililotokea katikati. Januari 2012 timu ya Langley ya Kanada, ambayo ingecheza na Waganda kama wangepata viza, ilipanda ndege ikaja Uganda kucheza nao. Watu wazima kadhaa walikaa wakaona kwamba watoto wale wanadaiwa mechi, wakailipa.

Uwanja wenye wazazi ni uwanja mgumu kwa kijeba. Kinamama wa mtaa hawahitaji cheti. Wanajua kila mtoto alizaliwa Ramadhani ipi na nani aliyempokea.

Niongeze jambo la miili ya watoto, kwa sababu hapa besiboli imetutangulia mbali. Ligi ya watoto ya Little League, iliyoanzishwa 1939 na Carl Stotz pale Williamsport ili wapwa zake wapate pa kucheza, mpaka leo huendeshwa na wazazi wa kujitolea: baba huyu ni kocha, mama yule anaandika alama, mwingine anauza soda na bisi. Katika ligi hiyo, tangu 2007, mipira ya mrushaji huhesabiwa mmoja mmoja. Mtoto wa miaka 11 au 12 haruhusiwi kurusha zaidi ya mipira 85 kwa siku, na akifikisha 66 hupumzika siku nne kamili. Mkono wa mtoto haujakomaa, na kiwiko kinachorusha bila kupumzishwa hufikia kukatika kano, mpaka kikahitaji upasuaji ule unaoitwa kwa jina la Tommy John, mrushaji wa kwanza kufanyiwa, mwaka 1974. Sheria nyingine yao ni kwamba kila mtoto aliyeandikwa kwenye timu lazima aingie uwanjani na apate zamu ya kushika gongo. Sheria hizi mbili hulinda aina mbili za watoto: hodari anayetumiwa kupita kiasi, na dhaifu anayesahauliwa.

Sisi hatuna hata moja. Mtoto hodari hucheza mechi mbili kwa siku juani, kila dakika, akichechemea. Mtoto dhaifu huvaa jezi, akaketi, akarudi nyumbani na jezi safi.

Nililithibitisha hilo kwa daftari. Dada ndiye anayeandika alama za timu ya mwanawe. Hukaa na kitabu kikubwa cha vijumba, kila mpigaji na kila mrusho ukaingia mahali pake. Nikaona nami nijaribu. Nilichukua daftari la hesabu la kurasa 48, nikaandika majina ya watoto wetu 16, na kila anayeingia na kutoka nikamwekea dakika. Mechi tatu za makundi zilipokwisha, mshambuliaji wetu alikuwa na dakika 120 kati ya 120. Watoto 4 walikuwa na sifuri. Mmoja wa hao wanne hutembea kwa miguu kutoka Mtangani, na hajachelewa mazoezini hata mara moja.

Nilimpelekea kocha daftari. Ni kijana wa mtaa, anafundisha bila kulipwa, na njumu za watoto wawili amezinunua kwa fedha zake. Aliligeuza kurasa, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mama, wallahi sikujua." Naamini hakujua. Mtu anayetazama mpira na saa na refa kwa pamoja hawezi kuwaona walio nyuma yake. Nusu fainali aliwaingiza wote wanne. Tulifungwa 2–1, na wapo waliosema kando yangu kwamba tumefungwa kwa sababu hiyo. Mimi nilikuwa nikimtazama mtoto wa Mtangani. Aligusa mpira mara sita. Alipotoka alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa amekuja, akaketi mbele yake akiwa amempa mgongo, na mama akamfuta mchanga shingoni kwa ncha ya leso.

Najua linaloweza kusemwa dhidi yangu. Wazazi ndio wanaoharibu michezo ya watoto. Ni kweli wapo. Huko Marekani waamuzi wengi wa michezo ya watoto wameacha kazi kwa sababu ya matusi ya wazazi, na kuna ligi zilizotenga siku za kimya ambapo mzazi haruhusiwi hata kupaza sauti. Hapa kwetu nimemsikia baba akimwita mwanawe jina ambalo siwezi kuliandika, kwa kukosa bao. Nimefikiria sana mzazi wa namna hiyo ametoka wapi, na jibu lililonitosheleza nililipata kwa dada. Mwanawe alianza katika ligi ya mtaa, baadaye akahamia klabu ya kusafiri. Hapo kukaingia ada kubwa, petroli, na hoteli ya siku mbili kila mashindano. "Mdogo wangu," aliniambia usiku mmoja, "nikishalipa hoteli, jicho langu hubadilika. Naanza kumtazama kama mtu ninayemdai." Nilimwelewa hapo hapo. Baba anayetukana uwanjani Malindi hajalipa hoteli, lakini naye anadai: anadai ufadhili wa karo, anadai msaka vipaji kutoka Nairobi, anadai mtoto aulipe umaskini wa nyumba nzima kwa mguu wake. Deni kubwa namna hiyo humziba mtu macho.

Kumfukuza mzazi uwanjani hakuondoi deni hilo. Linapungua anapokuja mara nyingi, karibu na nyumbani, bila gharama, akazoea kumwona mwanawe akikosea na jua bado linazama salama. Kwa hilo sisi tuna neema ambayo dada yangu huinunua kwa fedha nyingi. Uwanja wetu unafikika kwa miguu. Kutoka mbali kabisa ni tuktuk moja. Mama anaweza kuinjika maharagwe, akaja kutazama kipindi cha pili, akarudi kuyaunga. Neema hiyo ni ya ardhi, na ardhi ya wazi katika mji huu inapungua mwaka hata mwaka. Nyasi tulizochezea raundas mimi na dada sasa zina ukuta na lango la chuma. Kwa hiyo kila mara serikali ya kaunti inapozungumzia viwanja vya kisasa vyenye taa na majukwaa, mimi nasikiliza kwa moyo mzuri, lakini ombi langu ni dogo na la haraka: viwanja vya mitaa vilivyobaki viandikwe na vilindwe, na kando ya kila kimoja ipandwe miarobaini upande wa jua la mchana. Mwarobaini haudai kitu. Baada ya miaka michache wazazi ishirini watakuwa na pa kuketi.

Wapo pia wanaosema uwanja si mahali pa mama wa Kiswahili. Nimeambiwa hivyo kwa upole, na mzee ninayemheshimu. Nilimjibu kwa upole vilevile kwamba ninaketi kwenye jamvi na wanawake wenzangu, nimejisitiri, namtazama mwanangu mchana kweupe, na sijaona ni wapi stara yangu imepungua. Tangu siku ile huja na kiti chake, na mjukuu wake ni winga wa timu ya Maweni.

Mashindano ya Desemba yataanza shule zikishafungwa. Kusi itakuwa imekwisha, kaskazi imeingia, joto litakuwa kali na mechi zitapaswa kwisha kabla ya saa tano asubuhi. Tumekubaliana na kocha mambo matatu: hakuna mtoto atakayecheza mechi mbili kamili siku moja, kila jina kwenye orodha lazima liingie, na daftari litakuwa mikononi mwa mama mmoja kwa zamu. Dada amenitumia picha ya ukurasa wa kitabu chake ili nione vijumba vinavyopangwa. Nimeshapiga mistari kwa rula. Watoto sasa ni 18, na jina la kwanza nililoandika ni la yule wa Mtangani.